Nati za Gurudumu la Kushoto

Charo alirudi kutoka stesheni saa saba na dakika arobaini mchana, mpira mpya wa ndani wa tairi ukining'inia shingoni mwake. Kutoka langoni alikuwa akimwita shemeji yake kwa mzaha, "Fundi Kefa! Njoo upokee mzigo wako, mimi si punda!" Hakuitikiwa. Alipozunguka nyuma ya ofisi ya misheni aliiona trela imeinama upande wa kushoto, jeki imelala mchangani, na miguu miwili inatokeza chini ya sakafu. Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka.

Ukelele alioupiga ulisikika mpaka kwenye reli.

Koplo Dishon alifika saa nane na robo, Jumamosi hiyo ya tarehe 22 Juni 1946. Njia nzima kutoka kituo cha polisi cha Changamwe mnyororo wa baiskeli yake ulikuwa umetoka mara tatu, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi. Alikuta maiti imekwisha kutolewa na kufunikwa shuka. Alikuta pia kwamba Inspekta, mzungu aliyekuja kwa gari lake, amekwisha kutazama na amekwisha kuamua.

"Hakuna fumbo hapa, Koplo," alisema Inspekta akifuta jasho. "Kijana huyu aliambiwa aweke vizuizi kwenye gurudumu la kulia. Hakuweka. Trela imesogea, jeki imeanguka, fundi amebanwa kifua. Tena jana waligombana mbele ya watu. Andika maelezo ya mashahidi. Saa kumi na mbili jioni lori linakwenda gerezani Ngomeni, naye atakuwa ndani yake."

Charo, mikono yake ikiwa katika pingu, alisema, "Niliweka mawe, bwana mkubwa. Mawili. Moja mbele, moja nyuma."

"Yako wapi?"

Charo alitazama gurudumu la kulia. Hapakuwa na jiwe.

Mwanamke aliyekuwa amekaa chini karibu na shuka alinyanyuka. Alikuwa Nyamvula, mke wa Kefa, dada yake Charo.

"Bwana Koplo," alisema, "mume wangu huyo chini. Ndugu yangu huyo mnamfunga. Mtoto wangu nilimzika mwaka jana kwa homa. Basi mimi mnaniachia nani?"

Gari liliondoka na Charo. Koplo alivua kofia, akainamisha kichwa pale pale penye jua. "Bwana," aliomba kimoyomoyo, "wewe wajua mimi si mwerevu. Nionyeshe kilichopo mbele ya macho yangu."

Kisha akavaa kofia na kuanza kutazama.

Trela ile ilikuwa ya jeshi, ya magurudumu mawili, yenye kuta za bati na kitanda ndani. Misheni ilikuwa imeinunua miezi miwili nyuma, vita vilipokwisha na vitu vya jeshi vikauzwa, ili daktari apate pa kulala na pa kutibia watu akizuru vijijini. Jumatatu ilikuwa iende Utange kwa mara ya kwanza, na msalaba mwekundu ulikuwa tayari umechorwa ubavuni. Tairi la kushoto lilikuwa na pancha. Ndiyo kazi iliyompeleka Kefa pale.

Ardhi iliteremka kidogo kuelekea langoni. Trela ilikuwa imesogea mbele kiasi cha mkono mmoja. Jeki ilikuwa juu ya ubao mnene, ikaanguka kuelekea huko huko langoni, na mataruma manne ya reli, ambayo Kefa aliyapanga chini ya fremu ili yabebe uzito, yalikuwa yamepinduka pamoja nayo. Hapa Dishon alisimama. Fundi aliyeweka ubao na mataruma si fundi wa kusahau vizuizi.

Gurudumu la kushoto lilikuwa bado limefungwa. Kwenye bati la gurudumu kulikuwa na mshale wa chaki uliopinda kufuata mwendo wa saa. Dishon aliutazama, akadhani ni alama ya jinsi gurudumu linavyozunguka, akauandika tu. Spana ndefu ilikuwa bado imevaa nati moja. Aliijaribu. Haikutikisika. Alijaribu nati ya pili, ya tatu, ya nne. Zote ngumu kama zimechomelewa. Mahali pa ya tano palikuwa na bolti iliyokatika, chuma kinang'aa kama sarafu mpya.

Alilala kifudifudi akachungulia chini. Sanduku la chuma lilifungwa chini ya sakafu, na ndilo lililombana Kefa. Mlango wake ulikuwa wazi. Ndani hamna kitu. Pete ya kufuli iling'aa kwa kusuguliwa, lakini kufuli halikuwapo.

"Jambo gani lilimwingiza chini?" alijiuliza. "Mtu habadilishi tairi akiwa chini ya sakafu."

Saa tisa kasorobo alimhoji Tsuma, dereva wa lori la misheni. Tsuma alikuja taratibu, akasimama mbali kidogo ili pumzi yake isifike. Ilifika.

"Ulikuwa wapi saa saba?"

"Nilikuwa nazunguka."

"Unazunguka wapi?"

"Si huko huko. Koplo, mtu akizunguka atajua ni wapi?"

"Tsuma, mtu amekufa."

"Najua amekufa! Kefa rafiki yangu." Dereva alifuta pua kwa kiganja. "Haya, andika. Nilikuwa mangweni, kwenye tembo la mnazi. Kata mbili tu."

"Trela ilikuwa imefungwa kwenye lori lako. Kefa angekubali uliondoe lori na trela iko juu?"

"Hakukubali. Alinitukana mpaka ukoo. Alisema lori ndilo linaloishika trela isitembee. Lakini karani ameniamuru, maji hakuna, pipa likajazwe mara moja. Basi Kefa akateremsha mguu wa mbele wa trela, akaenda kuyatazama mawe yake upande wa pili, akasema, 'Haya, nenda, lakini hesabu hii ni yako.' Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu."

"Aliyatazama mawe?"

"Aliyapiga teke. Kuona kama yamekaa."

Dishon aliandika polepole. Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, baada ya zamu, na kila herufi ilimgharimu. Alipomaliza alitazama maneno yale kwa uchungu. Shahidi pekee wa mawe ni mlevi.

Saa tisa na nusu aliingia ofisini kwa Nguma, karani wa misheni na mtunza ghala ya dawa. Daktari alikuwa safarini, na kila ufunguo wa mahali pale ulikuwa kiunoni mwa karani. Ofisi ilifagiwa ikang'aa. Kalamu zilipangwa kwa urefu.

"Karibu, Koplo. Msiba mkubwa. Nimeshawaambia watu tuanze kuimba saa kumi na moja."

"Ulimwagiza Tsuma atoe lori?"

Nguma alitabasamu kwa huzuni. "Tsuma! Tsuma aliagizwa na koo lake. Sikumtuma popote."

"Na Charo?"

"Charo nilimtuma mpira wa tairi stesheni, saa sita. Hilo ni kweli." Alimtazama Dishon anavyoikunja midomo juu ya daftari. "Koplo, kwa mwendo huo tutazikwa sote hujafika nukta. Lete, nikuandikie mwenyewe."

Dishon alihisi masikio yanawaka moto. Lakini jua lilikuwa linakwenda. Akamsogezea daftari na penseli.

Karani aliandika kwa mwandiko mzuri wa kulala, bila kufuta. Kisha akausoma kwa sauti, kama anayesoma somo kanisani: "'Saa saba na dakika tano nilikuwa dirishani. Nilimwona marehemu Kefa ameivisha spana kwenye nati ya gurudumu, mpini umeelekea kushoto kwake, akaukanyaga kwa mguu kwa nguvu zake zote ili kuifungua. Trela ikatikisika. Nikarudi mezani. Gurudumu la pili halikuwa na kizuizi chochote.' Sahihi yangu hiyo hapo."

"Ulimwona akiingia chini?"

"Sikumwona. Labda kitu kilimdondoka."

"Na lile sanduku la chini?"

"La jeshi. Sijapata kulifungua. Mimi mtu wa vitabu, Koplo, vya chini ya magari sivijui."

Dishon alitoka nje akiwa hana mbele wala nyuma. Kila kitu kilikaa sawa upande wa karani: nati zilizogoma, fundi aliyezikanyaga, trela iliyotikisika. Njia ya ofisi ilipakana na mistari miwili ya mawe meupe, jiwe baada ya jiwe, hamna pengo. Alikaa juu ya jiwe moja karibu na pembe ya ofisi, akashika kichwa. Nyamvula alipita na ndoo ya maji, akamtazama askari aliyekaa, akaendelea na njia yake. Hilo lilimwuma kuliko tusi.

Aliinuka, akarudisha mnyororo wa baiskeli, akaenda kituoni. Ulitoka mara mbili.

Inspekta alikuwa kizingitini, saa kumi na robo. "Koplo! Geuka. Geuka tena. Hiyo nini?"

Dishon alijipapasa nyuma. Kaptula yake ya kaki ilikuwa nyeupe yote makalioni, na kiganja chake kilitoka na unyevu mweupe.

"Askari wa mfalme anatembea Changamwe na matako ya chokaa! Kajifute. Umepata nini?"

"Bado, Afande."

"Najua bado."

Alikwenda kwenye chumba cha mahabusu akijifuta na kuguna. Charo alisimama.

"Shikamoo, Koplo."

"Marahaba. Charo, kwa jina la Mungu, niambie kweli. Jana mligombania nini na shemeji yako?"

Charo aliinamisha uso. "Nilitaka kuinua trela kabla ya kulegeza nati. Akanipiga kofi la kisogo. Alisema nati hulegezwa gurudumu likiwa limekaa chini, ukizihangaikia juu ya jeki unamwangusha mtu. Nilikasirika, basi. Lakini leo tulifanya alivyotaka. Tulizilegeza zote, nusu mzunguko, ndipo tukainua."

"Zote?"

"Zote tano, kwa mkono wangu huu."

"Nimezijaribu. Zimekaza zote, na bolti moja imekatika."

Charo alimkodolea macho. "Uongo. Samahani, Koplo. Lakini haiwezekani. Ulizivuta upande gani?"

"Upande wa kufungulia. Kama nati zote."

"Aa!" Kijana alishika vyuma vya mlango. "Hizo si kama nati zote! Trela ile ya jeshi, gurudumu la kushoto nati zake ni za kinyume. Ukivuta kama unafungua, unafunga. Hata Kefa asubuhi alivuta mpaka akatoa jasho, ndipo akagundua. Akacheka sana. Akachora mshale wa chaki, asije akasahau yeye wala mimi."

Dishon alifunua kurasa. Mshale uliopinda kufuata saa. Alikuwa ameuandika katika daftari, akaupita.

"Nani mwingine alijua?"

"Mimi na yeye tu. Lori la Tsuma halina nati za hivyo."

"Na mawe? Mliyatoa wapi?"

"Kwenye mstari wa karani, pale pembeni ya ofisi. Yana uzito mzuri. Karani alinuna, alisema tumemharibia njia, ina pengo kama kinywa cha mzee. Kefa alimwambia atayarudisha jioni."

Mstari wa mawe. Jiwe baada ya jiwe, hamna pengo.

Dishon alitazama kiganja chake. Chokaa ilikuwa bado haijakauka. Aliuliza moyoni: siku mtu amekufa uani, nani huchukua brashi akapaka mawe?

Alitembea, karibu kukimbia, mpaka mlangoni kwa Inspekta.

"Afande, naomba gari, naomba mtuhumiwa, naomba nusu saa."

"Na ukikosea?"

"Nitavua tepe zangu mwenyewe."

Inspekta alimtazama juu mpaka chini, akakomea kwenye kaptula. "Twende. Lakini utakaa juu ya gazeti."

Saa kumi na moja na dakika kumi walikuwa uani. Watu walikuwa wamekusanyika kuimba, na Nguma amesimama mbele yao na kitabu. Nyamvula alipomwona ndugu yake anashushwa aliacha kulia, akasimama.

"Bwana Nguma," alisema Dishon, "tunataka msaada wako kidogo. Tuonyeshe marehemu alivyofanya. Wewe ndiwe uliyemwona."

"Nimekwisha andika."

"Ndiyo, kwa mwandiko mzuri. Inspekta anataka kuona kwa macho."

Karani alimtazama mzungu, akatazama watu, akaja. Aliivisha spana nati, mpini kushoto, akaukanyaga. Nati ililia, haikusogea.

"Hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mfungueni Charo mkono mmoja," alisema Dishon.

Charo alichukua spana, akaielekeza mpini kulia, akaukanyaga kufuata mshale wa chaki. Nati ilitoa mlio mmoja mkavu, ikalegea. Alimalizia kuitoa kwa vidole, akaiweka katika kiganja cha Inspekta.

Mzungu aliigeuza nati machoni, akachungulia meno yake. "Za kinyume," alisema taratibu.

"Kefa alijua hivyo tangu asubuhi, Afande. Ndiye aliyechora mshale. Asingeweza kukanyaga spana kuelekea kushoto saa saba mchana. Kwanza zilikuwa zimelegezwa kabla ya trela kuinuliwa. Aliyekanyaga hivyo alikuja baada ya trela kuanguka, akitaka tuone kwamba fundi ndiye aliyeitikisa. Akazikaza zote, na moja akaikata. Si Charo. Charo angezivuta kufuata mshale. Ni mtu anayedhani nati zote duniani ni sawa, na ameandika hivyo akatia sahihi."

"Nilikuwa mbali," alisema Nguma haraka. "Huenda nilikosea upande. Mtu hukosea!"

"Hukosea. Basi tuyatazame mawe."

Alikwenda kwenye pembe ya ofisi. Mawe mengine yote ya njia yalikuwa na vumbi jekundu la juma zima. Mawili yalikuwa meupe kama mayai, na moja lilikuwa na alama pana ya makalio ya askari. Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Dishon aliyafuta kwa leso yake. Chini ya chokaa mbichi, upande mmoja wa kila jiwe, ulitokea weusi wa mpira uliobanwa.

Tsuma aliangua sauti: "Ndiyo hayo! Ndiyo aliyoyapiga teke! Mlisema mimi mlevi!"

"Mlevi wewe," alisema Dishon, "lakini umesema kweli. Bwana Nguma, chokaa yako unaiweka wapi?"

Mkono wa karani ulikwenda kwenye funguo kiunoni, ukabaki hapo.

Pipa lilikuwa nyuma ya ghala. Dishon alikunja mikono ya shati, akazamisha mkono katika unga mkavu wa chokaa mpaka begani, akikohoa. Alitoa kifurushi cha turubai, kisha cha pili, kisha kufuli jipya la shaba lililovunjwa. Ndani ya turubai mlikuwa na makopo ya kwinini na vidonge vya nimonia, yenye muhuri wa misheni.

"Tangu mvua za mwaka jana," alisema Inspekta akisoma tarehe ya kopo.

Nguma alikaa juu ya ngazi ya ghala.

"Trela yenye msalaba haipekuliwi," alisema kwa sauti ndogo. "Jumatatu ingefika Utange, kuna mnunuzi. Walipouinua upande ule niliwatuma Charo na Tsuma mbali, nikaenda uani kumwondoa na Kefa, nipate kuzitoa dawa. Nikachelewa. Amekwisha liona sanduku, amevunja kufuli kwa nyundo. Aliniita nije nitazame, anacheka, anadhani ni dawa zilizosahauliwa na jeshi. Kisha akasoma muhuri. Hakucheka tena. Akasema, 'Karani, mwaka jana uliniambia hakuna kwinini.' Akaingia tena chini azitoe, ampelekee daktari. Mimi nikazunguka upande wa pili. Nilitaka tu... mawe yalikuwa pale. Nikayavuta."

"Na ukaisukuma."

"Kidogo tu. Inateremka yenyewe."

"Na mawe ukayarudisha mahali pake."

"Pengo lile lilikuwa linanisumbua macho," alisema Nguma, na akaonekana kushangaa mwenyewe kwa alichokisema.

Nyamvula alikuja mpaka mbele yake. Watu walidhani atampiga. Hakumpiga. Alichukua kopo moja kutoka mkononi mwa Inspekta, akalipima uzito kiganjani.

"Nilikuja kwenye dirisha lako mara tatu," alimwambia. "Mara ya tatu nilikuja na mtoto mgongoni. Ukaniambia nimwombe Mungu."

Akarudisha kopo, akaenda kwa ndugu yake. Dishon mwenyewe ndiye aliyefungua pingu ya pili, na vidole vyake, vyenye grisi na chokaa, viliteleza mpaka ufunguo ukaanguka.

Jumapili walimzika Kefa. Jumatatu saa mbili asubuhi Koplo Dishon alipita kwa baiskeli, ingawa haikuwa njia yake. Lori lilikuwa limeunganishwa kwenye trela, na Tsuma, macho yake safi, amekaa ndani na breki ameivuta. Charo alikuwa ameweka ubao, jeki na mataruma. Nati alizilegeza kwanza, akifuata mshale wa chaki ambao hakuna aliyethubutu kuufuta. Nyamvula alikuwa amechuchumaa upande wa kulia, akisukuma jiwe nyuma ya gurudumu kwa mikono miwili. Lile la mbele alikuwa amekwisha kuliweka.

"Yamekaa, dada?" aliita Charo.

Nyamvula alisimama, akalipiga teke jiwe la kwanza, akalipiga teke la pili.

"Yamekaa," alisema. "Inua."